ZIMWI NA NGOMA: TUWASIMULIE WATOTO HABARI ZA UTUMWA

Jua linapokuchwa nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndipo bibi wa Ruziba anapotandika mkeka na kuwaita wajukuu. "Paukwa!" "Pakawa!" Watoto hutulia, hata yule mtundu ambaye baba yake yuko lindoni usiku huo.

Wapendwa wasomaji, katika hadithi tulizorithi imo njia ya kuwafundisha watoto jambo zito ambalo wazazi wengi huliogopa, nalo ni historia ya utumwa.

Tuitazame hadithi ya zimwi na ngoma, inayosimuliwa kwa namna nyingi katika Afrika ya Mashariki. Binti alikwenda pwani na wenzake kuokota makombe. Njiani akakumbuka kuwa amesahau kombe lake juu ya mwamba. Wenzake wakakataa kumsindikiza, akarudi peke yake. Zimwi akamkamata, akamtia ndani ya ngoma, akazunguka naye vijijini. Kila alipoipiga ngoma, mtoto aliimba. Watu wakafurahi, wakamkirimu zimwi chakula. Siku moja wakafika kijiji cha wazazi wake. Mama akaitambua sauti. Zimwi alipolala, ngoma ikafunguliwa, mtoto akatolewa, na mahali pake wakatia nyuki na nyoka.

Mzazi akiisha kusimulia, aulize: "Je, zimwi wa namna hii aliwahi kuwako kweli?" Hapo historia huingia bila kugonga mlango. Katika karne ya 19 watu wa mwambao wa ziwa hili walikamatwa, wakavushwa hadi Ujiji, wakatembezwa kwa kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, wengine wakiwa na kongwa shingoni. Wengi waliishia katika mashamba ya karafuu ya Unguja. Kusini mwa Bujumbura, si mbali na Ruziba, liko jiwe la Mugere linalokumbusha kuwa Livingstone na Stanley walifika hapo Novemba 1871. Mpelekeni mtoto alione, kisha mwambieni kuwa wakati ule soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873, chini ya Sultani Barghash.

Wenye kuvaa sare nao wana lao la kusimulia. Katika miaka ya 1880 Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, alijaribu kuiingia Burundi kwa nguvu, na watu wa Mwami Mwezi Gisabo wakamzuia. Mtoto ajue kuwa silaha ya halali ni ile inayomlinda mnyonge.

Hadithi ya pili ni ya Sultani Darai, iliyochapwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Maskini aliyekuwa akichakura jaani alimnunua paa. Paa akamtafutia mali, mke na jumba, kama paka mwenye viatu wa Wafaransa alivyomfanyia bwana wake. Lakini paa alipougua, bwana yule alimnyima hata chakula chema, na alipokufa akaamuru atupwe kisimani. Mwishowe bwana akajikuta tena jaani. Muulizeni mtoto: "Nani aliijenga nyumba ile, na nani aliyeshukuriwa?" Atakuwa amekwisha kuuelewa utumwa kabla hajalisikia neno lenyewe.

Tena msisahau kuwa hadithi za sungura mjanja, jamaa ya Bakame wetu, zilivuka bahari pamoja na watumwa waliotolewa sehemu mbalimbali za Afrika, na hadi leo zinasimuliwa Marekani. Mwili ulifungwa, lakini hadithi haikufungika.

Hata hivyo, tahadhari. Zimwi asipewe kabila, wala dini, wala rangi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lakini katika biashara ile wako waliouzwa na watu waliowajua. Walikuwamo Waarabu, Waswahili, Wanyamwezi na watemi wa bara. Na ng'ambo walikuwako wanunuzi wa pembe na karafuu. Nchi yetu imeonja, mwaka 1972 na tena mwaka 1993, uchungu wa jirani kumwona jirani kuwa zimwi. Mtoto wa Buyenzi na mtoto wa Ruziba wakae mkeka mmoja bila mmoja wao kuona haya kwa ajili ya babu zake.

Mtoto mdogo atosheke na kukamatwa na kuokolewa. Habari za mijeledi zingoje. Akifikia miaka kumi na zaidi, msomeeni *Uhuru wa Watumwa*, kitabu cha mwaka 1934 cha James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa.

Na kila usiku malizieni kwa mama yule aliyeisikia ngoma. Kijiji kizima kilicheza. Yeye peke yake alisikiliza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: tuwalee wawe wenye kusikiliza.