Plasta ya dawa ya maumivu si plasta ya kidonda



Ukitoka kufanyiwa upasuaji, uwe wa ngiri au wa kujifungua, kidonda huuma sana siku mbili tatu za mwanzo. Jirani anakuonea huruma, anakuletea plasta aliyopewa mgonjwa wa saratani nyumbani kwake: "Bandika hii, utalala." Tafadhali usiibandike.

Plasta hiyo ina fentanili, dawa ya jamii moja na mofini lakini kali zaidi mara nyingi. Hupenya ngozi polepole, huchukua saa 12 hadi 24 kufikia nguvu yake, na plasta moja hukaa siku 3. Hapo ndipo penye hatari. Unabandika asubuhi, mchana bado unaumwa, unaongeza ya pili. Usiku zote mbili zinafanya kazi pamoja, nawe umelala. Dawa hii ikizidi, hupunguza pumzi hata zikakoma. Ukiibandua, ile iliyokwisha kuingia ngozini huendelea kwenda kwenye damu kwa saa nyingi. Kwa sababu hiyo si dawa ya maumivu ya upasuaji. Ni ya mwenye maumivu ya muda mrefu, ambaye mwili wake umekwisha kuzoea mofini au dawa za aina hiyo.

Wewe uliyepasuliwa, meza zile ulizoandikiwa, kwa saa zake, usingoje maumivu yapande. Zisipotosha, rudi useme. Si aibu.

Kama nyumbani yupo mgonjwa aliyepewa plasta hii na daktari, msimkande kwa maji ya moto mahali ilipobandikwa, wala asiote moto karibu: joto huharakisha dawa kuingia. Akipata homa kali, mwambieni mhudumu wa afya. Plasta isikatwe vipande.

Iliyokwisha kutumika bado ina dawa ya kuweza kuua mtoto. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilieleza visa 26 vya watoto waliozigusa au kuzila. 10 walikufa, na 16 kati ya wote walikuwa na miaka 2 au chini. Ikunje, upande wa gundi uwe ndani, uirudishe zahanati. Usiitupe kwenye shimo la takataka wanakochezea watoto.

Mgonjwa akilala haamki, pumzi zikiwa chache, mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, bandua plasta, mlaze ubavu, mkimbize zahanati usiku huohuo.