HESABU YA BIMA NA ITOLEWE WAZI

Wafanyakazi wengi wa Uingereza, pamoja na ndugu zetu wasemao Kiswahili waliohamia huko, hulipia bima za magari yao kwa mafungu ya kila mwezi. Kutafuta unafuu si kosa. Lakini yafaa ijulikane kwamba bima hiyo huwa ni ya mwaka mzima, na mara nyingi mafungu hayo ni mkopo wenye riba. Basi mtu aiambiaye benki izuie malipo hajavunja mkataba; huenda amejiongezea deni.

Mkataba huvunjwa kwa kuiarifu kampuni, na yafaa iwe kwa maandishi. Katika siku 14 za mwanzo mtu anayo haki ya kujitoa, akalipa siku alizokingwa na gharama za haki. Baada ya hapo kampuni yaweza kutoza ada iliyotajwa katika mkataba. Na kama fidia imekwisha kudaiwa, huenda ikataka malipo ya mwaka wote.

Sisi twasema deni la haki na lilipwe, lakini ada isiyoelezwa isikubaliwe kimya kimya. Kwa Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, masharti ya dhuluma hayamfungi mtu. Mwenye gari na adai hesabu, fungu kwa fungu. Kampuni ikinyamaza wiki 8, au jibu lake la mwisho lisiporidhisha, apeleke shauri kwa Financial Ombudsman Service kabla ya miezi 6 kupita tangu jibu hilo. Huko mlalamikaji hatozwi hata peni moja.

Mshahara ni jasho. Asiyeuliza hesabu yake hulipa hata asichodaiwa.