Gari la mtumba: soma karatasi kabla ya rangi
Mfanyabiashara wa Namanga au Busia anayetafuta Hiace ya kubebea mzigo huangalia kwanza rangi na kilomita. Vyote viwili huchakachuliwa. Gari lililopita mnadani Japani huwa na karatasi ya ukaguzi. Daraja la R au RA humaanisha liligongwa likatengenezwa. Muuzaji akikwepa kuionyesha, bei ishuke au mnunuzi aondoke.

Kisha fundi, asiye wa muuzaji, alale chini ya gari. Atafute alama za kuchomelea kwenye chesisi na bolti za milango zilizokwaruzwa na spana. Namba ya chesisi ilingane na ya kwenye kadi. Chesisi iliyonyooshwa vibaya hula matairi upande mmoja, na faida ya safari huishia gereji.