Waarabu Walisema Nini Nyerere Alipovuka Mpaka?

Taifa moja linapoingiza majeshi katika nchi nyingine, popote duniani, mabishano hufika hapa kwetu Tuwan, Kitale, siku hiyo hiyo. Na vita vikigusa Mashariki ya Kati, swali huwa moja: mbona Waarabu wamenyamaza? Au: mbona Waarabu wameungana dhidi ya fulani? Watu huuliza kana kwamba kuna mzee mmoja anayewasemea wote. Nataka kulijibu swali hilo kwa vita vya Tanzania na Uganda, vilivyopiganwa jirani yetu, ng'ambo ya mipaka ya Suam na Malaba, kwa sababu vilikuwa na kila kitu tunachobishania leo. Kulikuwa na nchi iliyovamiwa ikageuka kuwa mvamizi, majeshi ya Kiarabu yaliyokuja kumwokoa rafiki yao, na bara zima lililoshindwa kusema kauli moja.

Tuanzie kwetu. Tarehe 15 Februari 1976, Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, pamoja na kipande cha kusini mwa Sudan, ilikuwa ya Uganda kwa haki. Kitale, Bungoma, Kisumu, Eldoret na Nakuru zote zilikuwa ndani ya madai hayo. Historia haikuwa ya kubuni. Hadi mwaka 1902 eneo hilo la Kenya kweli lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na Waingereza walilihamishia upande wa pili ili reli iliyokuwa imefika Kisumu iwe chini ya utawala mmoja. Wakenya waliandamana kwa hasira, makuli wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa shehena za Uganda, na Amin akalegeza sauti.

Kilichomnyima hoja ni uamuzi wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) mjini Cairo mwaka 1964, kwamba mipaka iliyokutwa siku ya uhuru iheshimiwe, iwe ya haki au ya dhuluma. Uamuzi huo una lawama zake, na ndugu waliotenganishwa na mpaka wa Mlima Elgon wanazijua kuliko mwanasheria yeyote. Lakini ndio uliosimama kati ya Kitale na vifaru. Naomba msomaji aukumbuke, kwa sababu miaka mitatu baada ya madai ya Amin ulitumika kumlaumu Rais Nyerere wa Tanzania.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Uganda waliingia kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa, raia wakauawa, wanawake wakabakwa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka. Nyerere aliitaka OAU itamke wazi kwamba Uganda ni mvamizi. OAU ilipendelea kusuluhisha. Huwezi kusuluhisha kabla ya kusema nani aliyeingia nyumbani kwa nani, na naamini kosa hilo la awali ndilo lililorefusha vita.

Kenya nayo ilitangaza kutofungamana na upande wowote. Rais Moi alikuwa na miezi michache tu madarakani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa. Biashara ya upande wetu wa magharibi ilikuwa na hesabu zake pia: ni juzi tu kahawa ya magendo kutoka Uganda ilikuwa imelitajirisha soko la Chepkube, Bungoma, baada ya baridi kali ya Brazil ya mwaka 1975 kupandisha bei duniani. Serikali jirani ilipima vita kwa kipimo cha mahitaji yake. Serikali za Kiarabu zilifanya vivyo hivyo.

Libya ndiyo iliyoingia vitani. Urafiki wake na Amin ulianza mwaka 1972, alipowafukuza Waisraeli na kuigeukia Tripoli. Septemba mwaka huo, wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walipojaribu kuingia kutoka Tanzania, Gaddafi wa Libya alituma ndege zenye askari 399. Sudan, nchi ya Kiarabu, ikazilazimisha ndege hizo kutua Khartoum, ingawa mwishowe askari hao walifika Entebbe. Tazama basi: tangu siku ya kwanza, serikali moja ya Kiarabu ilikuwa inazuia njia ya nyingine.

Mapema mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipokuwa yamevuka mpaka wa Mutukula na kuteka Masaka na Mbarara, Walibya walirudi kwa wingi zaidi, kwa makadirio mengi zaidi ya elfu mbili. Baadhi walikuwa wanajeshi, wengine wanamgambo wasio na uzoefu wa vita. Walipigana Lukaya mwezi Machi, wakiwa na wapiganaji wachache wa Kipalestina kando yao. Hili la Wapalestina liliwauma sana Watanzania. Nchi yao ilikuwa imevunja uhusiano na Israeli mwaka 1973 na kuitetea haki ya Palestina hadharani, na sasa wapiganaji wa Palestina walikuwa wakimlinda mtu aliyeivamia Tanzania.

Mwishoni mwa Machi Gaddafi alimpa Nyerere muda wa saa 24 aondoe majeshi yake, la sivyo Libya ingeingia vitani waziwazi. Nyerere alikataa na akawatangazia wananchi kupitia redio kwamba tishio hilo limekuja. Ndege ya Libya ikaruka hadi Mwanza kulipua bohari ya mafuta, ikaikosa, na mabomu yakaua swala katika hifadhi ya Saanane. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zilijibu kwa kupiga mafuta Kampala, Jinja na Tororo. Tororo iko hatua chache kutoka Malaba. Vita vilikuwa vimefika mlangoni pa Bungoma.

Na Waarabu wengine? Angalia kalenda. Tarehe 26 Machi 1979, siku zile zile za tishio la Gaddafi, Sadat wa Misri alitia saini mkataba wa amani na Israeli. Kabla mwezi haujaisha, nchi za Kiarabu zilikuwa zimekutana Baghdad na kuisimamisha Misri katika Jumuiya yao. Misri na Libya zenyewe zilikuwa zimepigana mpakani Julai 1977. Katika wiki ambayo Libya ilihitaji kauli moja ya Kiarabu, Waarabu walikuwa katika mgawanyiko mkubwa kuliko walivyowahi kuwa, na Kampala haikuwa ajenda yao.

Amin alijaribu kuvipaka vita hivyo rangi ya dini, kwamba Wakristo wanaushambulia Uislamu. Watu wa pwani na wa bara waliisikia propaganda hiyo, na kuna wanaoirudia hadi leo. Lakini Mkuu wa Majeshi ya Tanzania alikuwa Abdallah Twalipo, Waziri wa Ulinzi alikuwa Rashidi Kawawa, na Makamu wa Rais alikuwa Aboud Jumbe. Waislamu watatu walikuwa katika ngazi za juu kabisa za nchi iliyodaiwa kupigana na Uislamu. Hoja hiyo haikuhitaji jibu refu zaidi.

Hata hivyo Nyerere hakuwadharau Waarabu, na hapa ndipo ninapomwona mwanasiasa kwelikweli. Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili, na mamia ya Walibya wakafa humo. Jeshi la Tanzania lilipoizingira Kampala, barabara ya mashariki ya kwenda Jinja iliachwa wazi ili Walibya waliobaki watoke. Nyerere hakutaka kuwafedhehesha, wala kuugeuza ugomvi wake na Amin uwe ugomvi na ulimwengu wa Kiarabu. Kampala ilichukuliwa tarehe 11 Aprili. Wapo waliosema hatua ya kuiacha barabara wazi ilikuwa laini mno. Mimi naiona kuwa hesabu sahihi: adui aliyeachiwa njia ya kurudi kwao hana sababu ya kupigana hadi tone la mwisho, wala kwao hakuna maiti zaidi za kulipizia kisasi.

Lawama kali zaidi ilitoka Sudan. Julai 1979, wakuu wa nchi walipokutana Monrovia, Rais Nimeiri aliilaumu Tanzania kwa kuiondoa serikali ya nchi jirani. Wapo waliosema anamtetea rafiki wa Waarabu wenzake. Sikubaliani nao. Nimeiri huyu ndiye aliyezizuia ndege za Libya mwaka 1972, na mwaka 1976 alinusurika mapinduzi yaliyosaidiwa na Libya. Nchi yake ilitajwa katika madai ya Amin ya mwaka huo huo. Kusini mwa Sudan kulikuwa kumetulia miaka saba tu, na wakimbizi kutoka West Nile ya Uganda walikuwa wakimiminika huko. Mtu mwenye mpaka kama huo ana kila sababu ya kuogopa sheria inayomruhusu jirani kufika mpaka ikulu. Tena Obasanjo wa Nigeria, ambaye si Mwarabu, alisema maneno kama yake.

Jibu la Tanzania lilikuwa kwamba vilikuwa vita viwili: vya Tanzania kumfukuza mvamizi, na vya Waganda wenyewe kumwondoa dikteta, vikakutana njiani. Kisheria sehemu ya kwanza imesimama imara. Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinampa aliyevamiwa haki ya kujihami. Sehemu ya pili ni dhaifu, kwa sababu bila mizinga ya Tanzania Waganda waliokutana Moshi mwezi Machi wasingefika Kampala. Kwa dhamiri yangu namuunga mkono Nyerere. Idadi ya waliokuwa wakiuawa na Amin ilitosha kuwa sababu. Lakini mwenye shamba Trans-Nzoia ajue kwamba anapomsifu Nyerere kwa kuupita mpaka, anailegeza ile kanuni iliyomlinda yeye mwaka 1976.

Umoja wa Afrika ulijaribu kulifunga pengo hilo. Kifungu cha 4(h) cha Sheria ya kuundwa kwake, ya mwaka 2000, kinauruhusu Umoja kuingilia kati pale penye mauaji ya halaiki, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Haki hiyo ni ya Umoja, kwa uamuzi wa kikao cha wakuu wa nchi. Jirani mmoja hana. Nyerere angevuka Mutukula leo, bado angelazimika kusema anajihami. Ndivyo ilivyosema Kenya Oktoba 2011 ilipoingiza jeshi Somalia, nchi ambayo ni mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1974.