Mgeni wa Makao Makuu Naye Apewe Jembe

Kila mwaka ifikapo Julai, kituo cha mabasi cha Laela hupata abiria wa namna ya pekee. Hao ni vijana wa vyuo, wavulana kwa wasichana, kila mmoja na begi lake, na bahasha ya kaki mkononi, na mzazi aliyekuja kumsindikiza. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo inayomwomba mkuu wa ofisi fulani ampokee kijana huyo kwa mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi wenyewe wamezoea kuyaita “fildi”. Basi litokalo Sumbawanga huwachukua, likapita Tunduma, Mbeya na Iringa, na mwisho wa safari yao ni Dodoma, makao makuu ya nchi yetu.

Safari hiyo ni njema, nasi tunaiunga mkono. Tangu Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, nchi yetu iliikataa elimu inayomtenga msomi na kazi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi, likamtaka kijana amalizaye kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aombe nafasi ya Chuo Kikuu. Utaratibu ule haupo tena, lakini shabaha yake haijafa. Na sisi tuliokaa juu ya mkeka wa madrasa kabla ya kukalia dawati la Serikali tulifundishwa mapema kwamba elimu bila amali ni kama mti usio na matunda. Kwa hiyo hatubishani juu ya haja ya mafunzo haya. Swali letu ni hili: je, ni nani anayeyapata, na akiyapata, anajifunza nini?

Yafaa tukumbushane kwa nini makao makuu yako Dodoma. Mwaka 1973 TANU iliyauliza matawi yake, kisha ikaamua kwamba Serikali ihame Dar es Salaam iliyo ukingoni mwa bahari, iende katikati ya nchi, ili mwananchi wa Bukoba, wa Mtwara na wa Sumbawanga aweze kuifikia. Kazi hiyo ilikusudiwa kuchukua miaka kumi, ikachukua mingi zaidi. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma; mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu; mwaka 2019 ofisi za wizara zikafunguliwa katika Mji wa Serikali, Mtumba. Shabaha ya yote hayo ilikuwa ukaribu wa Serikali na watu wake.

Lakini ukaribu haupimwi kwa kilomita peke yake. Kijana wa Laela aliye na mjomba au shangazi Dodoma yuko karibu na Mtumba, kwa kuwa ana pa kulala, ana chakula cha jioni, na ana mtu wa kumwambia ni mlango upi unaopokea barua. Kijana asiye na ndugu yuko mbali, hata kama wamepanda basi moja na kukaa kiti kimoja.

Tunamjua mzazi mmoja, mkulima wa uwanda huu wa Ufipa, ambaye binti yake alikubaliwa na ofisi moja ya makao makuu. Barua ilifika mwanzoni mwa Julai. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, lakini mizani ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ilikuwa bado haijafunguliwa. Mkulima mwenye subira huyatunza mahindi yake mpaka mizani ifunguliwe. Mzee huyu hakuwa na nafasi ya kusubiri. Nauli ilihitajika, na kodi ya chumba ilitakiwa kabla binti hajatua mzigo. Akayauza magunia yake kwa mlanguzi aliyefika nyumbani, kwa bei aliyoitaja mlanguzi. Ni kweli kwamba Bodi ya Mikopo huwapa wanufaika wake fedha za mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi ni mnufaika, na binti huyo hakuwa mmoja wao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayedhani kwamba majuma manane ya mafunzo hayamgharimu mtu kitu, na aje kuyahesabu magunia ya mzee huyo.

Sasa tuulize: magunia hayo yalinunua elimu gani? Binti mwenyewe, aliporejea, alitueleza bila ya kinyongo. Siku ya kwanza alikaribishwa vizuri. Siku ya pili alionyeshwa ofisi. Kuanzia siku ya tatu alitumwa kutoa nakala za karatasi asizoelezwa maana yake, kupeleka faili kutoka chumba hiki hadi kile, na kuchemsha chai. Mwisho wa majuma manane daftari lake la kumbukumbu lilipigwa muhuri na mtu ambaye hakuwahi kukaa naye hata saa moja.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa uchoyo. Walijua kwamba jembe ndilo linalomfanya mgeni kuwa mwenyeji. Ofisi inayomweka mwanafunzi katika hali ya ugeni kwa majuma manane haimheshimu, ila inamnyima kile alichokifuata.

Hatupendi kuwaonea watumishi wa Serikali. Tunajua kwamba wana kazi nyingi, kwamba meza ni chache, na kwamba ziko nyaraka zisizofaa kuonwa na kila mtu. Lakini zipo pia kazi halali zinazongoja mikono: takwimu za wilaya zinazohitaji kulinganishwa, barua za wananchi zinazohitaji kupangwa ili zijibiwe, taarifa za mikutano zinazohitaji kuandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mwanafunzi aliyepewa kazi moja ya namna hiyo, na mtumishi mmoja wa kumsahihisha, atatoka na ujuzi, na ofisi itakuwa imesaidiwa.

Hatuna budi pia kujikosoa wenyewe. Wako miongoni mwetu wanaomwona kijana aliyefanyia mafunzo yake Laela kama aliyeshindwa kufika Dodoma. Hilo ni kosa kubwa. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, wilaya inayoanzia katika baridi ya uwanda wa juu na kuteremka hadi katika joto la Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye vijiji vya Muze, Ilemba na Mtowisa. Mwanafunzi wa mipango, wa kilimo, wa ardhi, wa afya au wa hesabu hawezi kukosa la kujifunza hapa. Tarakimu inayosomwa Mtumba imeanza safari yake katika daftari la mtendaji wa kijiji. Asiyeliona daftari hilo atawezaje kujua kama tarakimu ile ni ya kweli?

Wala hatusemi kwamba watoto wa wakulima wabaki Laela na Dodoma waachiwe wenye ndugu. La, hasha! Makao makuu ni ya wote. Tunachotaka ni kwamba kijana wetu apajue pande zote mbili, pale amri inapoandikwa na pale inapopokelewa.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, ofisi za makao makuu zitangaze nafasi za mafunzo mapema na hadharani, pamoja na kazi itakayofanywa, ili barua ya kijana asiyefahamiana na mtu isizidiwe nguvu na simu ya mjomba. Pili, vyuo vilivyoko Dodoma, ambavyo wanafunzi wake wengi hutawanyika wakati huohuo kwa ajili ya mafunzo, viangalie uwezekano wa kuwakodisha wageni vitanda vilivyo wazi kwa malipo nafuu. Tatu, Halmashauri zetu ziwapokee wanafunzi kwa mpango, ziwape kazi yenye jina na msimamizi wa kuwaongoza, ili mafunzo ya Laela yasiwe ya kukimbiwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mabilioni. Yanahitaji nia, na yanahitaji viongozi wakumbuke kwamba bahasha ile ya kaki imelipiwa kwa jasho la mtu. Mzee wetu amekwisha kutoa magunia yake. Ni wajibu wa waliompokea binti yake kutoa jembe.