Diski Ikishachomwa, Isomwe

Mosocho ni soko la kando ya barabara kuu itokayo mjini Kisii kuelekea Oyugis na Kisumu. Huko, kama ilivyo kote Gusii, harusi, matanga na siku za kwaya hazipiti bila kamera. Kwa miaka mingi, wageni wakishatawanyika, kilichobaki mikononi mwa familia kilikuwa DVD yenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Siku hizi simu zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hata hivyo diski zingali kwenye droo na makabati ya televisheni, na nyingi ndizo nakala pekee ya sauti ya nyanya aliyekwisha kuzikwa. Ni mali inayostahili kulindwa, na programu za kuilinda zinapatikana bila malipo. Kinachohitajika ni kuelewa diski yenyewe inavyofanya kazi.

CD tupu ya kuchoma ni kipande cha plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, chenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Kuanzia katikati kwenda ukingoni umepita mfereji mmoja uliojiviringisha, mizunguko yake ikiachana kwa mikromita 1.6 tu. Ungenyooshwa, ungezidi urefu wa kilomita 5. Mfereji huo umepakwa rangi ya kikaboni, na juu ya rangi kuna utando wa madini unaorudisha mwanga.

Unapobofya kitufe cha kuchoma, leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 hupiga rangi hiyo kwa mipigo mifupi mno. Rangi hupata joto, kemia yake hubadilika, na mahali hapo hapaakisi tena mwanga kama pembeni. Wakati wa kusoma, mwale dhaifu hupita juu ya mfereji huohuo na kutambua palipoungua na pasipoungua. DVD hutumia leza nyekundu ya nanomita 650 na mfereji uliobanwa hadi mikromita 0.74, na ndiyo sababu hubeba gigabaiti 4.7 wakati CD huishia megabaiti 700. Wachongaji wa Tabaka, huko Gusii, wanajua kwamba jiwe la sabuni likishakatwa halirudishiwi vipande vyake. CD-R na DVD-R, yaani diski za kuchomwa mara moja tu, ziko vivyo hivyo. Rangi iliyoungua haiponi, kwa hiyo kosa la dakika moja hukaa kwenye diski daima.

Makosa yapo katika kila diski, hata iliyochomwa vizuri. Vumbi, kwaruzo au mpigo wa leza uliokosea kidogo huharibu baadhi ya data. Tunaokolewa na hisabati ambayo Irving Reed na Gustave Solomon waliichapisha mwaka 1960. Pamoja na data yako, kiendeshi, yaani mashine inayochoma na kusoma diski, huandika namba za ziada zilizokokotolewa kutokana nayo, kisha data hiyo hutawanywa ili sehemu zinazofuatana zisikae mahali pamoja. Kwenye CD, njia hii inaweza kurekebisha kabisa pengo la takriban milimita 2.5 kwenye mfereji, nawe usijue kwamba kuna kilichopotea.

Hapo ndipo ilipo hatari. Diski iliyochomwa vibaya inaweza kucheza vizuri siku ya kwanza kwa sababu namba za ziada zinafunika makosa yake. Miaka inapita, rangi inachakaa kwa joto, unyevu na jua, na makosa yanaongezeka. Siku yanapozidi uwezo wa hesabu ile, picha hukwama ghafla na faili hukataa kufunguka. Mwenye diski hudhani imeharibika jana, ilhali imekuwa ikiugua tangu siku ilipochomwa.

Kwa hiyo kazi ya programu haiishii kuchoma. K3b na Brasero za Linux, pamoja na ImgBurn na CDBurnerXP za Windows, zote ni za bure na zote zinaweza kuisoma diski mara tu baada ya kuichoma na kuilinganisha na data ya mwanzo. Kuhakiki huongeza dakika kadhaa, na katika duka la saiba lenye foleni ya wateja ni rahisi kuiruka hatua hiyo. Tafadhali usiiruke. Ikiwezekana, jaribu diski pia kwenye kiendeshi kingine, kwa maana kiendeshi kilichoiandika huenda kikaisamehe makosa ambayo kingine hakitayasamehe.

Kasi nayo ina uzito wake. Kwa CD, kasi iitwayo mara 1 ni takriban kilobaiti 150 kwa sekunde, na kwa DVD ni karibu mara tisa ya hiyo. Kasi ya juu kabisa huzungusha diski takriban mara 10,000 kwa dakika, na leza hubaki na muda mfupi sana wa kupiga kila alama. Kasi ya wastani ndiyo salama zaidi. Kumbuka pia kwamba stima ikipotea katikati ya kazi, DVD-R hiyo imeharibika. Gusii ni nchi ya mvua nyingi na ngurumo, kwa hiyo tarakilishi yenye betri nzuri ni kinga kubwa.

Wengi hulalamika kwamba diski iliyochomwa nyumbani haichezi kwenye mashine ya sebuleni. Mara nyingi sababu ni mbili. Kwanza, diski haikufungwa: programu haikuandika alama za mwisho ambazo mashine huzitafuta. Pili, faili ya simu imenakiliwa ilivyo, ilhali mashine nyingi za zamani hutaka mpangilio rasmi wa DVD ya video. Programu ya bure iitwayo DVDStyler huutengeneza mpangilio huo. Kwa Kenya, chagua mfumo wa PAL.

Sasa tuje kwenye kusasisha, jambo lenye ngazi tatu. Ya kwanza ni programu yenyewe. Kwenye Linux, K3b na Brasero husasishwa pamoja na mfumo mzima kutoka hazina moja inayoaminika. Kwenye Windows ni lazima uangalie mwenyewe. Toleo la ImgBurn la 2.5.8.0 lilitoka mwaka 2013, na bado linafanya kazi kwa sababu diski hazijabadilika: kanuni ya ISO 9660 ya kupanga faili ni ya mwaka 1988. Basi programu ya zamani si lazima iwe mbaya. Hatari iko mahali unapoipakulia, kwani tovuti nyingi huambatanisha programu za matangazo. Pakua kutoka kwa watengenezaji wenyewe, soma kila ukurasa wakati wa kusakinisha, na ukatae nyongeza usizoomba. Kama bando ni dogo, pakua mara moja na usambaze kwa flashi, na pale watengenezaji wanapochapisha namba ya utambulisho wa faili iitwayo SHA-256, ilinganishe na ya faili uliyopakua. Herufi moja ikitofautiana, ifute faili hiyo.

Ngazi ya pili ni mfumo endeshi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tarakilishi isiyoweza kubeba toleo jipya inaweza kuhamia Linux na kuendelea kuchoma diski kwa usalama.

Ya tatu ni programu ndogo inayokaa ndani ya kiendeshi. Humo ndimo yalimo maelekezo ya jinsi ya kupiga leza kwa kila aina ya diski. Kiendeshi kikikutana na diski ambayo hakiifahamu, hutumia maelekezo ya jumla, na matokeo huwa dhaifu. Kusasisha ngazi hii husaidia, ila stima ikikatika katikati, kiendeshi chenyewe chaweza kufa. Usifanye hivyo wakati wa mvua.

Programu huria nazo huishi kwa sababu ya watu. Jörg Schilling wa Ujerumani alitunza cdrtools, msingi wa uchomaji kwenye Linux, tangu miaka ya 1990 hadi alipofariki mwaka 2021. Mwaka 2006 ulizuka mgogoro wa leseni, na waendelezaji wa Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, wakachukua msimbo uliokuwa wazi wakaanzisha tawi lao. Kazi haikukatika, kwa kuwa msimbo haukufungiwa kwa mtu mmoja.

Ukiwa na diski za familia, zitoe sasa, uzisome moja moja kwenye tarakilishi, na unakili yaliyomo. Inayokwama usiichezeshe tena na tena. Tumia programu ya GNU ddrescue, ambayo huanza na sehemu zilizo nzima kisha hurudi kwa zilizoharibika. Nakala mpya ziwe mbili, moja kwenye diski na nyingine kwenye hifadhi ya aina nyingine, nazo zihifadhiwe nyumba tofauti. Tarakilishi nyingi mpya huuzwa bila kiendeshi cha DVD, na kila mwaka kupata mashine ya kusoma diski hizo kunazidi kuwa kugumu. Nakala ya kwanza ifanyike kabla ya msimu ujao wa mvua.