Kompyuta Mpakato Yatosha Kuanza Kujifunza Programu za Kwantamu

Kijana wa Usevya, mkoani Katavi, anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta za kwantamu halazimiki kuwa karibu na mashine yenyewe. Kompyuta mpakato inatosha kuanzia. Programu huria ya Qiskit, iliyotolewa na IBM mwaka 2017, huweza kuigiza mwenendo wa mashine hiyo, na ikishapakuliwa hufanya kazi hata intaneti inapokatika.

Msingi wake ni kubiti. Biti ya kawaida ni 0 au 1. Kubiti hubeba uwezekano wa yote mawili hadi ipimwe. Milango inayoibadilisha ni matriki, hesabu ambazo wanafunzi wa sekondari hukutana nazo darasani.

Zoezi la kwanza ni mistari michache ya Python. Kubiti mbili huanza zikiwa 0. Ya kwanza hupitishwa katika lango la Hadamard, kisha lango la CNOT huigeuza ya pili pale tu ya kwanza inapokuwa 1. Zikipimwa mara 1,000, takriban mara 500 hutoka 00 na zilizobaki 11. Majibu ya 01 na 10 hayatokei. Kubiti hizo zimefungamana.

Mwenye shaka atauliza, na ana haki: je, hazifanani na sarafu mbili zilizopangwa mapema zilale upande mmoja? Hapo ndipo uigizaji unapoonesha thamani yake. Kila kubiti ipitishwe tena katika Hadamard kabla ya kupimwa: zilizofungamana bado hulingana kila mara. Kisha ziandaliwe jozi nyingine kwa kura ya kawaida, nusu 00 na nusu 11, zipitishwe njia hiyo hiyo. Safari hii majibu yote manne hutokea, kila moja karibu robo. Hoja kali zaidi ni ya John Bell ya mwaka 1964. Majaribio yake ya maabara yaliwapatia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022.

Hata hivyo, ufungamano hautumi ujumbe. Anayepima kubiti moja huona 0 na 1 za bahati nasibu tu, hata mwenzake afanye nini upande wa pili.

Uigizaji nao una mpaka, kwani kila kubiti inayoongezwa huzidisha maradufu namba za kuhifadhiwa. Kubiti 2 zahitaji namba 4. Kubiti 10, namba 1,024. Kubiti 30, zaidi ya bilioni moja, sawa na takriban gigabaiti 17 za kumbukumbu. Kompyuta ya gigabaiti 8 itakwama kabla ya kufika huko, ingawa zoezi la kubiti mbili italimaliza kwa sekunde chache.